Nini kilimuumiza? Namna takwimu za ajali zinavyobadilisha magari

Taarifa za ajali kwenye redio zetu huishia mahali pamoja: chanzo ni mwendokasi, au uzembe wa dereva. Kwa polisi na mahakama jibu hilo lina kazi yake, maana lazima ijulikane nani alivunja sheria. Lakini mhandisi anayechora mlango, kiti au usukani wa gari litakalouzwa miaka mitano ijayo hana la kufanya nalo. Yeye anataka kujua jambo jingine: magari yalipogongana, ni kitu gani kilichovunja mbavu za dereva? Kwa nini aliyekaa nyuma alitoka mzima na wa mbele akafa? Chanzo cha ajali na chanzo cha jeraha ni maswali mawili tofauti. Mtu asipoyatenganisha hawezi kuelewa kwa nini kuna nchi zinazolipa wataalamu wapime mabati yaliyokunjamana kwenye yadi za polisi na kampuni za bima.

Swali hilo la pili halikuulizwa tangu mwanzo. Mmoja wa walioliuliza mapema ni Hugh DeHaven, Mmarekani aliyekuwa akijifunza urubani Kanada wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 ndege yake iligongana na nyingine, akaumia vibaya tumboni. Alipolifuatilia jeraha lake aliona kwamba kilichomuumiza ni kifungio cha mkanda wake mwenyewe. Miaka 25 baadaye, mwaka 1942, alichapisha uchunguzi wa watu wanane walioanguka kutoka urefu wa kati ya mita 15 na 45 hivi wakapona. Hawakuwa na miili ya ajabu. Waliangukia kitu kilichobonyea, kama bustani iliyotoka kulimwa au sanduku la bati la kupitishia hewa, na ule upenyo mdogo wa kubonyea ukaupa mwili nafasi ya kusimama bila kupasuka. DeHaven akauliza kwa nini gari lisitengenezwe hivyo hivyo.

Katika miaka ya 1950 Chuo Kikuu cha Cornell, kikishirikiana na polisi na hospitali za majimbo kadhaa, kilikusanya fomu za ajali zilizoambatanishwa na picha za gari na maelezo ya daktari kuhusu majeraha. Wakati ule wengi waliamini kwamba kurushwa nje ya gari ndiyo salama ya mtu. Fomu zilipolundikana zikasema kinyume: milango ilikuwa ikifunguka kwenye mgongano, na waliorushwa nje walikufa zaidi kuliko waliobaki ndani. Vitasa vya magari ya Marekani ya mwaka 1956 vikatengenezwa upya. Hakuna aliyeligundua hilo kwa kuitazama ajali moja, hata angekuwa hodari namna gani.

Siku hizi kazi hiyo Marekani inasimamiwa na NHTSA, mamlaka ya serikali kuu ya usalama barabarani, na ina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni pana. Inaitwa FARS, na tangu mwaka 1975 inaandikisha kila ajali iliyotokea kwenye barabara ya umma ikamuua mtu ndani ya siku 30. Ni kila ajali, si sampuli. Mwaka 2021 pekee vifo hivyo vilizidi 43,000. Hizo siku 30 zina uzito wake. Japani kwa miaka mingi ilitangaza vifo vilivyotokea ndani ya saa 24 tu, na kuanzia 1993 ikaanza kutoa pia hesabu ya siku 30 ili ilingane na nchi nyingine. Aliyefia wodini wiki ya pili ameuawa na ajali ileile, lakini kwenye hesabu fupi haonekani. Ukikutana na takwimu za nchi mbili zikilinganishwa, uliza kwanza kila moja inahesabu siku ngapi.

FARS haijazwi na askari aliyeko barabarani. Kila jimbo lina wachambuzi wanaokusanya karatasi za ofisi mbalimbali: taarifa ya polisi, cheti cha kifo, ripoti ya mchunguzi wa vifo, rekodi ya leseni, usajili wa gari, kumbukumbu za gari la wagonjwa. Wanaziunganisha na kuzigeuza kuwa misimbo inayofanana nchi nzima. Kiungo kikubwa cha gari ni namba ya chesisi, ambayo tangu mwaka 1981 ina herufi na tarakimu 17. Humo unasoma mtengenezaji, aina ya bodi, injini na mwaka wa toleo, kwa hiyo mchambuzi hahitaji kumwamini askari aliyeandika "saluni nyeupe" tu. Majina ya watu hayamo kwenye data inayotolewa kwa umma, na tarakimu za mwisho za chesisi hukatwa ili mtu asifuatiliwe hadi nyumbani kwake.

Upana huo una gharama. Kwanza, ngazi hii haizijui ajali ambazo wote walipona, na kifaa cha usalama kinachofanya kazi vizuri huzalisha hasa watu waliopona. Pili, haielezi jeraha. Katika ajali za kawaida polisi wa Marekani hupanga majeruhi kwa ngazi tano, kuanzia aliyekufa hadi ambaye hakuumia, kwa macho tu, barabarani, pengine usiku na mvua inanyesha. Mtu aliyechanika ngozi ya kichwa hutapakaa damu na kuonekana mahututi, kumbe jeraha ni dogo. Aliyepasuka bandama hukaa kando ya barabara akijibu maswali vizuri, kisha hali yake hubadilika ghafla hospitalini.

Ndipo inapokuja ngazi ya pili, nyembamba na ya kina. Jina lake la sasa ni CISS, na ilirithi mfumo ulioanza mwaka 1979. Hii haichukui ajali zote. Inachagua maeneo machache nchini kwa bahati nasibu ya kitakwimu, na ndani yake inachagua ajali ambazo angalau gari moja la abiria lilivutwa kutoka eneo la tukio. Magari mapya na majeraha makubwa hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, kwa sababu ndiyo yenye la kufundisha. Kisha kila kisa hupewa uzito wa kihesabu kulingana na ajali ngapi kinaziwakilisha. Anayezitumia takwimu hizi akasahau uzito huo hupata picha ya nchi ambamo kila ajali ni mbaya na kila gari ni jipya.

Mtazame mchunguzi anavyofanya kazi yadini. Gari limekunjamana mbele. Anafunga kamba au kuweka kifaa cha leza mahali bampa lilipokuwa kabla ya ajali, kisha anapima kina cha kubonyea, kwa kawaida katika pointi sita zilizopangwa kutoka upande mmoja wa uharibifu hadi mwingine. Ugumu wa mbele ya gari la aina hiyo unajulikana kutokana na majaribio ya kuligongesha ukutani. Kwa hiyo, akijua bati limeingia sentimita ngapi, hesabu humwambia ni nishati kiasi gani ilitumika kulikunja. Kutoka hapo anapata kipimo ambacho fani nzima inakitegemea: badiliko la kasi, yaani kasi ya gari iliongezeka au kupungua kiasi gani wakati wa mgongano wenyewe.

Kipimo hiki si sawa na kasi ya kwenye dashibodi. Dereva wa kilomita 100 kwa saa anayekwangua kingo ya barabara kisha akateleza mita nyingi hadi kusimama, mwili wake unaweza kupata badiliko dogo la kasi katika kila nukta ya muda. Wa kilomita 50 anayekita nguzo ya zege hupoteza zote 50 katika muda mfupi kuliko kukonyeza jicho. Majeraha hufuata badiliko hilo kuliko yanavyofuata kasi ya safari, na ndiyo sababu neno "mwendokasi" peke yake halimsaidii mhandisi.

Halafu mchunguzi anaingia ndani. Anakagua ukanda wa mkanda: ulipobeba uzito wa mwili huacha alama ya msuguano kwenye pete unapopita begani, na kitambaa chenyewe hunyooka au kung'aa. Ndiyo njia ya kujua kama mkanda ulifungwa kweli, maana aliyenusurika akiulizwa na askari ana kila sababu ya kusema alifunga. Anatafuta mahali goti lilipogusa chini ya dashibodi, unywele ulionasa kwenye ufa wa kioo, usukani uliopinda upande mmoja. Baadaye, kwa taratibu za kulinda siri za wagonjwa, majeraha kutoka kwenye rekodi za hospitali huandikwa moja moja na kupewa alama kati ya 1, jeraha dogo, na 6, lisilopona. Kipimo hicho cha kimataifa kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1971. Mwishoni kila jeraha linaunganishwa na kilichosababisha: ubavu wa nne wa kushoto na nguzo ya mlango; fupa la paja la kulia na dashibodi. Ukiniuliza mimi, mstari huo mmoja ndio wenye thamani kuliko yote katika mfumo mzima.

Miaka ya karibuni gari lenyewe limekuwa shahidi. Kompyuta inayoamua mfuko wa hewa ufumuke au usifumuke huhifadhi kumbukumbu za tukio. Kanuni ya Marekani iliyotungwa mwaka 2006 na kuanza kutumika kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2012 inasema kwamba gari likiwa na kinasa cha kumbukumbu hizo, lazima kihifadhi angalau mambo kadhaa maalumu: kasi katika sekunde 5 kabla ya mgongano, kama breki ilikanyagwa, mafuta yalikanyagwa kiasi gani, kama mkanda wa dereva ulifungwa, na badiliko la kasi lenyewe. Hakinasi sauti wala picha. Sheria ya mwaka 2015 iliamua kwamba data hiyo ni mali ya mwenye gari au anayelikodi kwa mkataba. Umoja wa Ulaya umekifanya kuwa cha lazima kwa aina mpya za magari tangu Julai 2022 na kwa magari yote mapya ya abiria tangu Julai 2024. Hata hivyo kinasa hakiwezi kukuambia dereva alikuwa na urefu gani wala alikaa vipi, na mara nyingi hapo ndipo siri ilipo.

Mfano wa mifuko ya hewa unaonyesha kwa nini. Sheria ya mwaka 1991 iliamuru kila gari dogo la abiria la toleo la 1998 liwe na mifuko ya hewa ya mbele. Jaribio la serikali liliitaka mifuko hiyo imwokoe sanamu la mwanaume wa wastani asiyefunga mkanda, gari likigonga ukuta kwa kilomita 48 kwa saa. Ili kuuzuia mwili mzito unaokuja bila kizuizi, mfuko ulilazimika kufumuka kwa nguvu kubwa mno. Na kwa watu wazima ulifanya kazi: takwimu pana zilionyesha madereva wengi wakiokoka.

Lakini NHTSA ina pia kikosi kidogo cha uchunguzi maalumu, kinachofuata visa vya ajabu kimoja kimoja tangu mwaka 1972. Katika miaka ya 1990 visa vilianza kuingia vyenye sura moja. Gari limegongana taratibu, bodi haina hata pa kunyoosha, dereva ni mzima, na mtoto aliyekaa kiti cha mbele amekufa kwa kuvunjika shingo. Wachunguzi walipopima na kusoma majeraha, mlolongo ukaonekana. Dereva alikanyaga breki kabla ya mgongano. Mtoto asiyefungwa mkanda akasukumwa mbele hadi kifua na kidevu vikakaribia dashibodi, na mfuko ukafumuka ukiwa umemgusa. Michubuko ilikuwa chini ya kidevu na shingoni, inapopita ngozi ya mfuko inapopanda. Kwa wachanga ilikuwa vingine: kiti chao kinachotazama nyuma kilipofungwa mbele, mgongo wa kiti uliukaribia mno mfuko, nao ukaupiga nyuma ya kichwa. Madereva wafupi, wengi wao wanawake waliolazimika kukaa karibu na usukani, walikuwemo pia.

Hadi mwisho wa muongo uliofuata vifo vilivyothibitishwa vya namna hiyo, katika migongano ya taratibu, vilizidi 290, vingi mno katika magari yaliyotengenezwa kabla ya 1998. Upande wa pili, makadirio ya NHTSA ni kwamba mifuko ya mbele iliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 kufikia mwaka 2017. Kwa takwimu pana peke yake, vile vifo vya watoto vingemezwa na mafanikio. Kwa uchunguzi wa kina peke yake, mtu angeweza kudai mifuko iondolewe kabisa. Ngazi zote mbili zikiwa mezani, ikawezekana kuufuata ule mlolongo wenyewe. Mwaka 1997 watengenezaji waliruhusiwa kupunguza nguvu ya kufumuka. Mwaka 2000 ikatoka kanuni ya mifuko yenye akili zaidi, yenye sensa zinazotambua uzito au namna mtu alivyokaa, na wazazi wakaambiwa watoto wakae nyuma. Taa ndogo kwenye dashibodi ya magari mengi ya leo inayoonyesha kwamba mfuko wa abiria umezimwa imetokana na vile visa.

Kuna somo jingine katika hadithi hii: mtengenezaji hujenga kile kinachopimwa. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, ilichambua visa vya kina vya watu walioumia vibaya katika magari yaliyofaulu majaribio ya mbele. Karibu robo ya ajali hizo zilikuwa za kugongwa kwenye kona, upande wa taa, mahali ambapo mihimili mikuu ya chuma haifiki. Mwaka 2012 ikaanzisha jaribio linalogusa robo tu ya upana wa gari kwa kilomita 64 kwa saa. Kati ya magari 11 ya kifahari ya kwanza kupimwa, matatu tu yalipata alama ya kuridhisha. Miaka michache baadaye ikagundua kwamba baadhi ya kampuni ziliimarisha kona ya dereva, ile iliyokuwa ikipimwa, na kuiacha ya abiria. Jaribio la upande wa abiria likaanza 2017.

Data hukusanywa pia baada ya kifaa kuwekwa, ili kujua kama ahadi ilitimia. Taa ya tatu ya breki, ile ya juu nyuma, ilijaribiwa kwenye teksi miaka ya 1970 na kupunguza kugongwa nyuma kwa karibu nusu. Ikawa ya lazima kwa magari madogo ya toleo la 1986. Ajali halisi zilipohesabiwa kwa miaka, faida ya kudumu ilikuwa asilimia 4.3. Taa ilivutia macho ilipokuwa ngeni. Magari yote yalipokuwa nayo, macho yakaizoea. Bado ni rahisi kuliko gharama ya ajali inazozuia, kwa hiyo imebaki, lakini sasa kwa hesabu ya kweli.

Na takwimu hazisomwi kwa haraka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa mwaka 2011 ulikuta kwamba madereva wanawake waliofunga mkanda walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya uliozidi ule wa wanaume kwa asilimia 47 katika ajali zinazofanana. Wengi, kwa haki, waliyalaumu masanamu ya majaribio yaliyojengwa kwa umbo la mwanaume. Mwaka 2021 IIHS ilirudia hesabu kwa njia nyingine ikaona sehemu ya tofauti inatokana na aina ya magari: wanawake zaidi huendesha magari madogo, na mara nyingi zaidi gari lao ndilo linalogongwa. Majeraha ya miguu, hata hivyo, yalibaki juu kwa wanawake. Majibu yote mawili yanahitajika, maana dawa ya ukubwa wa gari si dawa ya mguu.

Sasa, magari yanayojaa barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Yamechorwa kwa majeraha ya watu wa huko. Japani ina taasisi yake, ITARDA, iliyoundwa mwaka 1992, inayounganisha rekodi za polisi, leseni, usajili na barabara, na kutuma wachunguzi wake kwenye ajali za eneo la Tsukuba. Sisi tunapokea matokeo bila kuwa tumehesabiwa.

Kwetu pengo linaanzia kwenye idadi yenyewe. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo vya barabarani pungufu kidogo ya 3,000, na Shirika la Afya Duniani likakadiria zaidi ya 13,000. Tanzania iliripoti zaidi kidogo ya 3,200, makadirio yakiwa zaidi ya 16,000. Makadirio hayo ni ya kihesabu, si orodha ya majina, na yanaweza kubishaniwa. Lakini hospitali inamjua marehemu bila kulijua gari, na polisi wanalijua gari bila kujua kilichotokea wodini. Kuna karatasi moja ambayo askari na daktari wote huandika kumhusu mtu yuleyule: PF3 kwa Tanzania, P3 kwa Kenya. Ilibuniwa kwa ajili ya ushahidi, na huishia kwenye jalada la kesi. Ingenakiliwa bila majina na kuunganishwa na namba ya chesisi, tungekuwa na mwanzo wa ngazi ya pili bila kuunda ofisi mpya.

Chukua jambo moja ambalo data hiyo ingeweza kulijibu. Mwaka 2003 Japani, ambako watembea kwa miguu ni sehemu kubwa ya wanaokufa, iliingiza katika upimaji wa magari mapya jaribio la kichwa cha mtembea kwa miguu kinapogonga boneti. Watengenezaji wakaacha nafasi kati ya boneti na injini ili bati libonyee. Gari hilo likifika kwetu, wamiliki wengi hufunga mbele yake ngao ya mabomba ya chuma, katika usawa wa nyonga ya mtu mzima na kichwa cha mtoto. Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 2005 maagizo kwamba ngao za namna hiyo zisiuzwe bila kupita majaribio ya kumlinda mtembea kwa miguu. Ili nasi tuamue kwa hesabu badala ya kubishana, tunahitaji kwa kila mtu aliyegongwa kujua mambo matatu: gari lilikuwa na ngao au halikuwa nayo, jeraha lilikuwa sehemu gani ya mwili, na kama alikuwa hai siku ya 30.